Jua la Nyakitonto na Maji ya Mzazi

Tangu gridi ya Taifa ilipofika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, tumekuwa tukizungumza kana kwamba suala la nishati katika nyanda za juu za Kigoma limekwisha. Sikubaliani. Katika kata kama Nyakitonto, mama aliyejifungua usiku wa Julai, baridi ikiuma, anapata wapi maji ya moto?

Jibu la vijijini kwetu tunalijua. Ndugu aliyemsindikiza huinjika sufuria juu ya mafiga nyuma ya wodi ya wazazi. Kuni zake hutoka katika misitu ileile ambayo, tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, imebeba mahitaji ya wenyeji na wakimbizi kwa pamoja. Hivyo huduma tunayoiita ya umma hukamilishwa kwa mgongo wa mwanamke mwingine.

Wengi wakisikia nishati ya jua hufikiria paneli za kuwashia taa. Paneli hizo hugeuza takriban moja ya tano tu ya mwanga kuwa umeme. Hita ya maji ya jua hunasa joto lenyewe, na iliyo nzuri hupata zaidi ya nusu yake. Tangi likiwekwa juu ya kikusanya joto, maji huzunguka yenyewe bila pampu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa umeme hula uniti zipatazo 9 kila siku. Jua halitumi ankara.

Serikali imezitaka taasisi kubwa kuacha kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni hatua njema, lakini macho yote yako kwenye chungu cha chakula. Maji ya kuogea, ya kufulia na ya wodini yamesahauliwa. Kenya ilitunga kanuni za hita za jua mwaka 2012 kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku.

Sisi tunayo njia nyepesi zaidi: michoro sanifu ya TAMISEMI. Hita ikichorwa humo na kuingizwa katika makadirio ya gharama, kila kituo cha afya na kila bweni jipya litajengwa nayo, bila kusubiri mfadhili.

Wapo watakaosema masika yana mawingu. Kweli, na ndipo umeme wa gridi usaidie. Watasema vifaa vitaharibika. Vitaharibika, iwapo bajeti haina fungu la matengenezo. Watasema hata maji yenyewe hayapo. Hoja hiyo ni nzito kuliko zote: basi paa lile litakalobeba hita livune na mvua.

Ndugu mtumishi wa umma, mchoro ujao utakapofika mezani pako, kabla ya kutia saini, uliza: maji ya mzazi yatachemshwa na nani?