Simba Aseme Kiswahili

Tarehe 20 Desemba 2024, filamu ya Mufasa iliingia kwenye kumbi za Marekani, na hapa Mwanza tulianza kuisubiri tangu trela yake ya kwanza ilipotoka mwezi Aprili mwaka huo. Vijana waliirusha kwenye status za WhatsApp. Walibishana kama Barry Jenkins, aliyetengeneza Moonlight, anaiweza kazi ya simba. Walimsubiri Beyoncé na binti yake, Blue Ivy. Hata mimi niliisubiri. Sina ugomvi na kusubiri. Ugomvi wangu ni namna tulivyosubiri: kwa adabu, kama wageni waalikwa, kwenye shughuli ambayo maneno yake yametoka nyumbani kwetu.

Tazama majina. Simba ni simba. Rafiki ni rafiki. Pumbaa ni aliyepumbaa. Sarabi ni mazigazi. Katika filamu hii kuna nchi ya ahadi inayoitwa Milele, na yule tuliyemzoea kama Scar anaitwa Taka. Mtoto wa Los Angeles akisikia Taka, anasikia jina zuri la Kiafrika. Mtoto wa Igogo anasikia mzazi aliyemwita mwanawe uchafu wa kufagia, na ana haki ya kuuliza ni mzazi gani huyo. Fisi Shenzi ndiyo kabisa, maana neno hilo babu zetu walitukanwa nalo. Halafu, baada ya kuazima majina yote hayo, wanyama wanafungua midomo na kuzungumza Kiingereza.

Najua lalamiko lililozoeleka. Disney waliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara mwaka 1994, wakapewa usajili mwaka 2003, kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la kuupinga, na watu zaidi ya 100,000 walilisaini. Ni lalamiko la haki. Lakini usajili huo haujamziba mdomo muuza dagaa wa Mwaloni, ambaye kwa kweli husema "hakuna shida". Tunalipenda lalamiko la wizi kwa sababu halitudai kitu. Ukishasaini, umemaliza.

Kuna swali gumu zaidi. Kwa nini, zaidi ya miaka 30 tangu The Lion King ya kwanza, sijawahi kumsikia Simba akizungumza Kiswahili kwa sauti iliyolipiwa na wenye filamu? Wengi hujibu haraka kwamba lugha yetu haina soko. Jibu hilo halisimami. The Lion King ya 1994 ilipewa sauti za Kizulu. Moana ilipata toleo la Kimaori mwaka 2017, na mwaka 2022 The Lion King yenyewe ikatoka kwa Kimaori. Wasemaji wa Kimaori huko New Zealand ni takribani laki mbili. Sisi, kwa hesabu ya Unesco, iliyotangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunazidi milioni 200. Kila Julai tunavaa vitenge na kusoma mashairi kwa ajili ya siku hiyo, kisha tunarudi nyumbani kuwawashia watoto katuni za Kiingereza. Wamaori hawakuzawadiwa. Waliidai lugha yao kwenye skrini, wakakaa studio, wakatafuta waigizaji, wakabishana juu ya kila neno.

Na kusema watu wetu hawataki ni kutokuwajua. Ingia kibanda umiza chochote jioni. Filamu ya Kihindi au ya Kichina inakwenda, na juu yake kuna sauti ya Mswahili anayetafsiri, anayeeleza, anayemtania jambazi. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, tuliyemjua kama Lufufu, alijenga jina zima kwa kazi hiyo. Wenye hakimiliki huwaita watafsiri hawa maharamia, na kisheria wana hoja. Lakini benchi lililojaa watu waliolipa ili wasikie filamu kwa lugha yao ni ushahidi tosha wa soko.

Dai langu la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatuelekea sisi wenyewe. Hata Mufasa akizungumza Kiswahili safi, bado atakuwa anasimulia hadithi ya mtu mwingine. Pwani hii ya ziwa wanyama wamesema kwa muda mrefu, kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kizinza, bila kumsubiri mtu. Na tunayo hadithi ambayo haihitaji mfalme. Samaki wadogo tunaowaita furu walikuwa wa aina zaidi ya 500 katika Ziwa Victoria. Jike la furu huatamia mayai na watoto mdomoni. Hebu fikiria mhusika huyo: mama ambaye hawezi kusema kwa sababu mdomo wake umejaa wanawe. Dume huvaa rangi ili achaguliwe, na maji yakichafuka rangi haionekani, basi majike hukosea wachumba. Kisha miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 binadamu wanamleta sangara, samaki mkubwa mla wenzake ambaye hakuomba kuletwa. Kufikia miaka ya 1980 amelitawala ziwa, na aina za furu zinazokadiriwa kufika 200 zimetoweka. Nani mbaya katika hadithi hii? Sangara anayewala furu ndiye aliyejenga viwanda vya minofu na kusomesha watoto wengi wa mji huu. Swali hilo lina uzito kuliko ugomvi wa kurithi kiti.

Hadithi hiyo ilishachukuliwa mara moja. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi iliyopigwa hapa Mwanza, ikafika hadi kuteuliwa kuwania Oscar. Serikali ilikasirika, na Rais Kikwete aliikemea hadharani. Hasira ile ilizaa hotuba. Filamu ya kujibu sikuiona. Ndivyo inavyokuwa ukimwachia mwenzio kamera, kisha ukabaki na haki ya kununa.

Utaniambia katuni ni ghali. Ni kweli: The Lion King ya 2019 iligharimu takribani dola milioni 260. Lakini mwezi Mei mwaka 2024 filamu ya Flow, yenye paka na wanyama wenzake kwenye mashua, ilioneshwa Cannes. Imetoka Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili, na imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Mkoa wa Mwanza peke yake ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 3.6 kwenye Sensa ya 2022. Na Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, kwa Kiswahili, ikiwafundisha watoto hesabu kwa nyimbo. Bure ya Blender haimlipi mchoraji kodi ya nyumba, hilo nalikubali. Ndiyo maana nasema na wenye bajeti: televisheni ya taifa, Bodi ya Filamu, na benki zinazodhamini mechi kila wiki. Nasema na BAKITA pia: waandikieni Disney, pelekeni orodha ya waigizaji, ombeni studio, wala msingoje kualikwa.

Wewe ambaye hujaiona Mufasa, itazame. Furahia. Ukimaliza, mtoto uliyetazama naye akikuuliza kwa nini yule simba anaitwa Taka, mjibu ukweli: walioandika hawakutuuliza, na sisi bado hatujawaambia. Kisha msimulie ya yule mama furu.