Utulivu Usiouliza Maswali



Kuna utulivu unaouzwa siku hizi, nasi tunaukataa. Unauzwa katika simu na vitabu: funga macho, fuata pumzi yako, acha mawazo yapite, nawe utapata amani. Wauzaji hudai kwamba hiyo ni hekima ya Buddha iliyothibitishwa na saikolojia. Sisi twasema ni kipande tu cha hekima hiyo, tena kimekatwa pabaya.

Kwanza tutende haki. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya kudumu jinsi ya kuyatazama maumivu yao bila kuyakimbia. Alikuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha, lakini kwa makusudi aliyavua mafundisho hayo vazi la dini, yapate kumfaa mgonjwa wa imani yoyote. Wengi waliofuata mafunzo hayo walipata nafuu. Hatuna ugomvi na mgonjwa aliyepata nafuu. Wala hatuungani na wanaomwona shetani kwa kila anayekaa kimya: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, uliutaja Ubudha kwa heshima, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini hizo.

Ugomvi wetu ni na wachuuzi. Njia aliyoifundisha Buddha ina viungo 8, na uangalifu wa nafsi ni kimoja tu. Kando yake kuna usemi ulionyooka, matendo yaliyonyooka na riziki iliyonyooka. Kuhusu riziki, maandiko ya kale ya Kibudha yanamkataza muumini biashara 5: ya silaha, ya wanadamu, ya nyama, ya vileo na ya sumu. Ni mchuuzi gani wa utulivu anayelitaja hilo? Mwajiri anayewachosha wafanyakazi wake huwaletea mwalimu wa kuvuta pumzi, lakini hagusi saa za kazi wala mshahara. Kumbe jina Buddha maana yake ni aliyeamka! Dawa ya kuamsha imegeuzwa kuwa dawa ya usingizi.

Mtatuambia: asiye na amani moyoni atawapa wengine amani gani? Ni kweli. Lakini mtazameni Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha wa Vietnam. Vita vilipounguza vijiji vya nchi yake, hakukubali kuchagua kati ya kutafakari na kutoka nje kusaidia. Katika miaka ya 1960 alianzisha huko Saigon shule ya vijana ya huduma kwa jamii. Vijana hao walikwenda vijijini, wakajenga upya nyumba zilizobomolewa na kufungua shule na zahanati. Baadhi yao waliuawa. Mwaka 1967 Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, alimpendekeza mtawa huyo kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huo ndio utulivu wenye miguu na mikono.

Nasi hapa Kongo tunawajua vijana waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita. Kijana wa namna hiyo anahitaji kusikilizwa, na pengine kutibiwa na mjuzi wa saikolojia. Anahitaji pia shamba lake, shule yake na usalama wake. Tukimwambia avute pumzi tu, tunamwomba aizoee dhuluma.

Basi kaeni kimya, vijana, maana kelele zimetuzidi. Sala yetu si tafakari ya Kibudha, kwa kuwa sisi tunanyamaza mbele ya Mungu anayesema nasi. Lakini kipimo hiki kinatufaa sote. Mkiinuka kutoka katika ukimya, ulizaneni kikundini: nimesema nini juu ya jirani yangu? Fedha yangu inatoka wapi? Ni nani anayelia karibu nami? Ukimya usiotufikisha kwenye maswali hayo tuwaachie wanaouuza.