Ati Anajifanya? Hebu Lala Hapo Kitandani Kwanza

Wasee, leo sina mzaha. Wiki iliyopita kuna klipu imezunguka kila mahali. Dem wa sare ya shule anatembea kwenye korido ya hospitali, mguu mmoja anauburuta nyuma kama gunia la viazi, mabega yanayumba. Mtu amemrekodi bila yeye kujua, halafu akaweka wimbo wa kuchekesha juu yake. Nimesoma komenti hadi simu ikazima. Iliyopendwa zaidi inasema: "Huyu apewe Oscar." Inayofuata: "Hayo ni mapepo, apelekwe kwa pasta." Ya tatu ni ya buda mmoja ambaye kwa wasifu wake ameandika anasomea udaktari: "Hakuna ugonjwa unatembea hivyo."

Upo. Na mguu huo naujua, kwa sababu nilikuwa nao miezi tisa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nilianguka nikicheza netiboli, kifundo kikateguka. Kitu kidogo tu. Kikafura, kikafungwa bandeji, baada ya wiki mbili uvimbe ukaisha. Lakini mguu haukurudi. Nikiuambia songa, hausongi. Ni kama kupiga simu, inaita, na mwenyewe hashiki. Matroni akasema naogopa mtihani. Mwalimu mmoja akanipandisha ngazi mbele ya darasa zima "ili tuone". Wakaona nikianguka.

Mamangu akachukua mkopo kwa chama, tukaenda kufanya MRI. Daktari aliyetupa majibu hakunigusa. Alimwambia mamangu, "Mama, ubongo wa mtoto uko sawa, mgongo uko sawa. Hana kitu. Ongea naye tu vizuri nyumbani." Mamangu akasema asante daktari. Kwenye matatu hakusema neno hadi tukashuka. Halafu akaniuliza polepole, "Niambie ukweli mama, kuna mtu anakusumbua shuleni?" Hakukuwa na mtu. Usiku huo ndio nilianza kujiuliza kama mimi ni mwongo na sijijui.

Sasa, hasira yangu yote iko kwa hayo maneno mawili: hana kitu.

MRI ya kawaida ni picha ya umbo. Itaonyesha uvimbe, damu iliyovuja, sehemu iliyokufa kwa kiharusi. Haionyeshi ubongo ukifanya kazi. Peleka simu iliyoganda kwa fundi pale Luthuli, aigeuze mara mbili, akwambie, "Kioo hakina ufa, betri haijafura, hii simu haina shida, inajifanya." Si utampokonya simu yako uende kwa jirani yake?

Kuna ugonjwa unaoitwa FND. Kwa Kiswahili tunaweza kusema tatizo la utendaji wa mfumo wa neva. Neva hazijakatika, ubongo haujaoza mahali, lakini namna ubongo unavyotuma na kupokea ujumbe wa mwili imevurugika. Mguu unakosa nguvu, mkono unatetemeka, mtu anaanguka na kutupatupa viungo kama mwenye kifafa, sauti inapotea, macho yanaona giza. Na si jambo la nadra. Utafiti mmoja mkubwa wa kliniki za neva Scotland ulipata kwamba matatizo ya aina hii yalikuwa sababu ya pili ya watu kufika pale. Ya kwanza ilikuwa kuumwa na kichwa.

Hebu tuingie ndani ya kichwa kidogo. Ukitaka kuinua kikombe cha chai, kuna ukanda wa ubongo karibu na utosi unaotuma amri kwa misuli. Mbele yake kuna sehemu inayopanga mwendo kabla haujaanza. Ndani kabisa kuna basali ganglia, zinazosaidia kuamua mwendo upi upite na upi uzuiwe. Seli zinazozipelekea dopamini zikifa, unapata Parkinson. Kule nyuma chini kuna serebela inayosawazisha kila kitu usimwage chai. Hiyo tulisoma, angalau nusu yake.

Kitu ambacho hatukusoma ni kwamba ubongo haungoji habari zifike ndipo uamue. Unabashiri. Umewahi kusikia simu ikitetemeka mfukoni, ukaitoa, na hakuna aliyekutafuta? Hiyo si ndoto na hukuwa unajifanya. Ubongo wako ulikuwa unangoja ujumbe (tunajua wa nani), ukachukua msuguano kidogo wa suruali na ukakuletea mtetemeko mzima. Ama jaribu kujitekenya. Haifanyi kazi, kwa sababu ubongo ukituma amri kwa vidole unabashiri pia mguso utakavyokuwa, ukilinganisha na kilichofika na vikifanana, unapunguza makali. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokupa hisia kwamba mwendo huu ni wangu, mimi ndiye nimeufanya.

Kwa FND, jinsi wataalamu wengi wanavyoeleza, ubashiri huo ndio umekwama, na umakini umegandishwa kwenye kiungo. Siku za kwanza kifundo changu kiliuma kweli, ubongo ukajifunza kwamba mguu huu haubebi mtu. Kifundo kikapona. Lile somo likabaki. Kila nilipokaza akili kuusogeza, ndivyo nilivyouharibu zaidi. Kama hujaelewa, kumbuka venye unatembea ukipita mbele ya watu ishirini wamekaa ukutani wakikuangalia. Ghafla hujui mikono inafaa iwe wapi. Sasa hiyo, lakini bila kuisha.

Na huu ndio ushahidi ninaotaka yule wa Oscar ausome. Mwaka 2010, Valerie Voon na wenzake walichapisha utafiti. Watu wachache wenye mtetemeko wa FND waliingizwa kwenye skani inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. Kwanza wakapimwa mkono ukitetemeka wenyewe. Halafu wakaambiwa waigize mtetemeko uo huo kwa kusudi. Mtu yuleyule, mkono uleule. Picha hazikufanana. Mtetemeko ulipokuja wenyewe, sehemu moja ya upande wa kulia, juu na nyuma ya sikio, ilifanya kazi kidogo kuliko walipokuwa wakiigiza. Ni sehemu inayohusishwa na ile hesabu ya huu mwendo ni wangu ama si wangu. Kwa hivyo hata kwenye mashine, kujifanya na kuugua ni vitu viwili.

Mtasema skani kama hiyo iko wapi huku kwetu. Sawa. Hapo ndipo napandwa na mori kabisa, kwa sababu hauhitaji skani yoyote. Unahitaji kitanda.

Mwaka 1908 daktari Mmarekani, Charles Franklin Hoover, alieleza kipimo ambacho bado kinatumika. Lala chali. Inua mguu mmoja huku mtu akiuzuia kwa mkono. Bila kufikiria, kisigino cha mguu ule mwingine kinakandamiza kitanda. Mwili unafanya hivyo wenyewe ili upate pa kujishikilia. Sasa, mtu mwenye mguu uliokosa nguvu kwa FND, ukimwambia akandamize na ule mguu mgonjwa, hawezi. Anakaza hadi jasho, hakuna. Lakini mwambie ausahau, ainue ule mzima dhidi ya mkono wako, na kisigino cha ule mgonjwa kinashuka kwa nguvu zake zote.

Daktari wa tatu aliyeniona alikuwa kijana, na alinifanyia hivyo ndani ya dakika moja. Alafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya: alimwita mamangu karibu, akaweka mkono wa mamangu chini ya kisigino changu. Akasema, "Mama, umesikia? Nguvu iko. Barabara kutoka kwa ubongo hadi mguuni haijakatika. Shida inakuja akijaribu kwa makusudi. Huu ni ugonjwa, una jina, na tunaweza kuufanyia kazi." Mamangu alilia hapo hapo. Mimi sikulia, nilikuwa nashangaa mguu.

Oneni tofauti. Kipimo hicho hicho, kwa mikono ya mtu mjinga, kinakuwa "Aha! Nimekushika, kumbe mguu unafanya kazi!" Na kwa mtetemeko pia kiko chake: unaombwa kugonga mdundo kwa mkono mzima, na ule unaotetemeka unatulia ama unaufuata mdundo. Kwa hivyo msiniambie FND ni jina la kumpa mtu vipimo vyote vikikosa majibu. Ina dalili zake zinazotafutwa kwa mkono na jicho. Daktari ambaye hajakugusa na amekwambia huna kitu hajamaliza kazi yake. (Na tafadhali usiende kumjaribia dadako nyumbani. Mguu ukikosa nguvu ghafla, kimbia hospitali, inaweza kuwa kiharusi na kiharusi hakingoji. Pia mtu anaweza kuwa na kifafa halisi na FND pamoja. Acha mwenye kujua atenganishe.)

Sasa nigeukie upande wetu, watu wa afya ya akili mtandaoni. Nyinyi ndio mlinijazia DM: "Pole mrembo, mwili hubeba siri, nani alikuumiza?" Najua mna roho safi. Lakini mnafanya kile kile alichofanya yule daktari wa kwanza, kwa sauti tamu. Ndiyo, msongo na mambo mabaya ya utotoni vinaongeza uwezekano wa kupata FND, na wapo ambao kwao ndio mzizi. Wapo pia walioanzia kwa kuteguka, kwa homa, kwa kipandauso. Tangu 2013, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM, hauhitaji tena kuwe na kisa cha mawazo ndipo mtu aambiwe ana ugonjwa huu. Mamangu alipoteza usingizi miezi akitafuta mtu aliyeniumiza, na hakuwepo.

Mnakumbuka Oktoba 2023? Wasichana zaidi ya 90 wa shule ya Eregi, Kakamega, walipelekwa hospitali wakiwa na shida ya kutembea, miguu ikitetemeka. Video zilijaa kabla hata sampuli hazijafika maabara. Siwezi kuwapima kwa simu na sitajaribu. Ninachojua ni tulichofanya sisi. Tulicheka. Tukaiga ule mwendo kwa vichekesho. Na neno "histeria" lilipotajwa, watu wakalisikia kama "waongo", wakapata ruhusa ya kuendelea.

Hilo neno lenyewe lina makosa tangu kuzaliwa. Linatokana na neno la Kigiriki la mji wa mimba, kwa sababu waganga wa kale waliamini tumbo la uzazi linazunguka mwilini likileta fujo. Huko Paris, kwenye hospitali ya Salpêtrière, Jean-Martin Charcot alionyesha miaka ya 1880 kwamba hata wanaume wa kazi ngumu, wakiwemo wa reli, walipata hali hii baada ya ajali. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta wanajeshi wasiopungua risasi mwilini tu, bali waliotetemeka bila jeraha. Lakini akianguka msichana wa bodingi, tunarudi kwa tumbo linalozunguka.

Ati "lakini watu hujifanya". Ndiyo. Mimi mwenyewe nilijifanya tumbo linauma kidato cha kwanza nikose prepu ya Jumapili, na nilipona kengele ya chakula ilipolia. Ndiyo maana najua tofauti. Hakuna mtu anajifanya miezi tisa, akiwa peke yake chooni, akianguka usiku ambapo hakuna wa kumwona, akikosa safari ya shule aliyokuwa amelipia.

Na kwa watu wa maombi, sina vita nanyi. Mamangu aliniombea kila asubuhi na ninashukuru. Shida yangu ni na aliyemwambia asinipeleke hospitali tena kwa sababu imani yake ni ndogo.

Kilichonisaidia ni mazoezi, lakini si yale ya kuinua vyuma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikataa kabisa nifikirie mguu. Alinitembeza kinyumenyume. Kinyumenyume niliweza! Akanitembeza nikihesabu kutoka mia moja nikitoa saba saba. Siku moja akaweka muziki kwenye simu yake, akanishika mikono, akasema tucheze tu, tusiende popote. Katikati ya wimbo niligundua niko upande wa pili wa chumba. Haikuwa muujiza, kesho yake uligoma tena, na wiki hiyo yote. Si wote wanapona, na wanaokaa muda mrefu bila kuambiwa ukweli mara nyingi huwa na safari ngumu zaidi. Ndio maana hiyo miezi ya "hana kitu" siisamehi.

Aliyepost ile klipu, nimekuandikia DM mara mbili nikikuomba uitoe, umesoma na hujajibu. Na wewe unayesomea udaktari, komenti yako bado iko. Uliza mwalimu wako kesho kuhusu kisigino.