Mafunzo ya Meneja Yapimwe kwa Samaki Waliouzwa



Wengi wenu mlio na mabwawa kando ya mashamba mmekwisha kujua kufuga ngege na kambare. Lililobaki gumu ni kuuza. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, kwa majimbo 140. Samaki walipatikana, lakini mabwawa mengi yaliachwa baadaye yakaota nyasi. Wengine walishindwa na bei ya chakula cha samaki, wengine na maji, na wengine walivua wasijue wamuuzie nani.

Siku hizi chama kikipata hasara sokoni, shauri la kwanza ni kumpeleka meneja mafunzoni. Shauri hilo ni jema. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1952, na tangu mwaka 2016 ni Chuo Kikuu. Lakini mafunzo yana karo, na karo hiyo hukatwa katika fedha za samaki wenu. Kwa hivyo mnayo haki ya kuuliza: imeleta nini?

Mara nyingi jibu ni cheti kilichotundikwa ofisini. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mtu aweza kupata maksi nzuri darasani, kisha akarudi kufanya kazi vile vile. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, aliandika kwamba mafunzo hupimwa kwa maswali manne. Je, mwanafunzi aliyapenda? Amejifunza? Amebadili kazi yake? Kazi hiyo imeleta faida? Cheti chajibu mawili ya kwanza tu. Samaki huozea katika mawili ya mwisho.

Tuseme chama chenu kina banda la samaki Lucky Summer, ule mtaa wa Nairobi ulio karibu na Baba Dogo na Korogocho. Wateja wengi wa mitaa hiyo hununua samaki jioni watokapo kazini, na akina mama wakaangaji huchukua wao mchana. Muuzaji asiyejua kupanga atafungua masanduku saa mbili asubuhi. Ifikapo saa nane barafu ni maji, na jioni atauza kwa bei ya kutupa, huku jirani yake akiuza samaki wa China waliogandishwa. Aliyefunzwa vema ataweka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na gari litafika mchana. Zaidi ya hayo, atachukua maagizo ya wakaangaji kabla nyavu hazijaingia majini. Samaki aliye hai bwawani haozi. Bwawa ndilo ghala lenu.

Mabadiliko hayo yataonekana daftarini. Kila wiki kamati iandike kilo zilizopokewa, zilizouzwa na zilizotupwa, pamoja na shilingi zilizomfikia mwenye bwawa kwa kila kilo. Daftari lianze leo, kabla meneja hajapelekwa, maana pasipo hesabu ya kwanza, ya pili haina cha kulinganishwa nacho. Ikiwa katika kilo 60 zilikuwa zikitupwa 12, na sasa zatupwa 6, mmeokoa kilo 6 kila safari. Zidisheni kwa bei yenu, mlinganishe na karo mliyolipa. Ila bei hupanda na kushuka hata bila meneja. Mkiwa na mabanda mawili, tazameni la aliyefunzwa na la asiyefunzwa katika miezi ile ile. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tumtendee haki meneja pia. Kama amejifunza kazi ya barafu, nayo kamati yamnyima fedha za barafu mpaka kikao cha mwezi ujao, samaki wakioza kosa si lake. Mafunzo bila madaraka ni jembe bila mpini. Kabla ya kumpeleka, kamati na ikubali kwa maandishi ni kiasi gani aweza kutumia bila kungoja kikao, na ni mambo gani atakayoulizwa baada ya miezi sita.

Katika mkutano mkuu ujao msitosheke kusikia meneja alisoma wapi. Ombeni daftari lisomwe mbele ya wote, la kabla na la baada. Likionyesha faida, mpelekeni na muuzaji wa banda akajifunze. Lisipoonyesha, tafuteni kasoro iko wapi kabla hamjatoa karo nyingine.