Utunzaji wa Motokaa: Kutafuta Kiini cha Mtikiso

Mwenye motokaa kuukuu ya mbio akisikia mtikiso chini ya kiti chake, jambo la kwanza alifanyalo mara nyingi ni kufungua mkoba. Hununua matairi mapya. Mtikiso ukibaki, hununua shafti. Ukizidi kubaki, hununua beringi. Mwisho wa mwezi fedha zimekwenda na gari lingali likitetemeka. Ugonjwa haujatajwa jina, nao umekwisha kupewa dawa tatu.

Mfano ufaao ni Datsun 240Z, gari la watu wawili lililotengenezwa Japani tangu mwaka 1969 mpaka 1973. Wazee wengi wa Kenya hulikumbuka, kwa kuwa lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, akiongozwa njia na Hans Schüller. Likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na mwenziwe Lofty Drews. Magari hayo yaliyobaki sasa yamepita miaka 50, na mipira na jointi zake zimechoka pamoja na miaka hiyo.

Injini ya gari hili iko mbele, bali magurudumu yasukumwayo ni ya nyuma. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita klachi na giaboksi, husafiri katika propela shafti mpaka kwenye difu, kisha hugawanywa kwa shafti mbili fupi ziendazo kwenye magurudumu. Propela shafti ina jointi mbili za msalaba, na kila shafti fupi inazo mbili. Jumla yake ni sita. Tena difu yenyewe haikutupwa juu ya ekseli kama katika lori. Imefungwa chini ya mwili wa gari juu ya mipira. Mahali pa kushuku ni pengi, kwa hiyo yafaa kuanza kwa kufikiri kabla ya kushika spana.

Vitu hivi vyote huzunguka, lakini si kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo penye ufunguo. Chukua gurudumu ambalo mzingo wake ni kama meta 2. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka kama mara 11 kwa kila sekunde. Ikiwa difu ina uwiano wa 3.9 kwa 1, propela shafti huzunguka kama mara 43 kwa sekunde hiyo hiyo. Basi kasoro ya gurudumu hutikisa polepole, kama mtu anayetikisa kitanda. Kasoro ya propela shafti huvuma kama nyuki ndani ya debe. Simu nyingi za siku hizi zina kipimo cha mtikiso, na programu iliyo rahisi yaweza kuhesabu mitikiso kwa sekunde. Hesabu ikikaribia 11, atazamwe mwenye gurudumu. Ikikaribia 43, atazamwe mwenye shafti.

Majaribio matatu huondoa shaka nyingi. La kwanza, gari likiwa limesimama na gia iko huru, injini iongezwe mwendo mpaka mizunguko ile ile ambayo mtikiso hutokea njiani. Likitetemeka hapo hapo, kosa li katika injini, klachi au mipira inayoishikilia injini, wala hakuna haja ya kulala chini ya difu. La pili, barabarani, mwendo ubaki ule ule lakini gia ishushwe kutoka ya nne hadi ya tatu. Sasa injini huzunguka upesi zaidi, bali propela shafti na magurudumu hayakubadilika. Mtikiso usipobadilika, injini haina hatia. La tatu, mahali palipo tambarare na pasipo magari mengine, gia iwekwe huru gari liteleze lenyewe. Mtikiso ukiendelea, tafuta kitu kisicho sawa uzito wake au kilichopinda. Ukitoweka mara mguu utokapo kwenye mafuta, tafuta jointi iliyolegea au mpira uliochanika, kwa kuwa hivyo huonyesha kasoro vikibebeshwa mzigo. Katika jaribio hilo injini isizimwe kamwe, maana breki hupoteza msaada wake na usukani waweza kujifunga.

Kisha ndipo gari linapoinuliwa. Jeki peke yake haitoshi; lazima liwekwe juu ya stendi imara. Propela shafti ishikwe kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande wa jointi, na kuzungushwa huku na huku. Jointi njema haina mchezo hata kidogo. Unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vya msalaba ni ushahidi kwamba grisi imekwisha na sindano za beringi zimeanza kuliwa. Atazamwe pia kama shafti ina bonde lililopigwa na jiwe, kama kipande kidogo cha chuma cha kusawazisha uzito kimedondoka, na kama tope lililokauka limeganda upande mmoja. Mara nyingine ndoo ya maji na brashi vimeponya kile ambacho duka la vipuri halikuweza.

Mpira wa mbele wa difu wastahili kuangaliwa kwa makini. Ukichanika, difu huinua pua kila gari liondokapo, nao mgongano husikika chini ya sakafu. Pua ikiinuka, pembe ya jointi hubadilika. Jointi ya msalaba inayofanya kazi katika pembe haizungushi sawasawa. Huharakisha na kukawia mara mbili katika kila mzunguko. Jointi mbili zenye pembe sawa, zikipangwa vema, hufutiana kosa hilo. Pembe zikitofautiana, kosa hubaki na shafti hutetemeka ijapokuwa ni mpya. Vivyo hivyo shafti fupi ikichomolewa na kurudishwa vibaya katika meno yake, pande zake mbili hazitazamani tena ipasavyo. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hutia alama ya rangi kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Kuna mtego mmoja uwanasao wengi. Gari likiinuliwa hata magurudumu ya nyuma yakaning'inia, shafti fupi hukaa katika pembe kali isiyopatikana barabarani, na injini ikiwashwa zitatetemeka hata zikiwa nzima. Tena gurudumu moja likisimama, la pili huzunguka mara mbili ya mwendo wake. Fundi asiyejua hilo hulaani shafti nzima, na hujiweka hatarini bure.

Mtikiso si kelele tu ya kumwudhi abiria. Jointi ya mbele ya propela shafti ikikatika gari likiwa katika mwendo, ncha ya shafti huanguka na yaweza kuchimba lami na kulipindua gari; ya nyuma ikikatika, chuma hicho hupigapiga sakafu ambayo juu yake watu wameketi. Msalaba mpya ni kitu kidogo kitoshacho katika kiganja cha mkono. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye gari alionaye wingu na aulize kwanza limetoka upande gani, ndipo atafute mwavuli.