Mfumo Haukatai

Siku hizi katika ofisi zetu yamezuka maneno mawili yanayofunga kila mjadala: "Mfumo umekataa." Yakishatamkwa, mwombaji hukunja karatasi zake akaondoka, mtumishi humwita anayefuata, na hakuna anayeulizwa lolote. Nasema waziwazi kwamba maneno hayo ni ya uongo. Mfumo hauna uwezo wa kukataa. Anayekataa ni mtu, na kukataa kwake kumeandikwa mahali fulani, kwa mstari unaoweza kusomwa, kusahihishwa na hata kufutwa. Nakusudia kuonyesha mstari huo huandikwaje, na kudai kwamba kila mwalimu anayehitimu chuoni ajue kuuandika.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Kurasa za mtandao huandikwa kwa HTML, lugha ya alama aliyoibuni Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alama hizo hueleza tu kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya, na wapi pana picha. Ukurasa wa namna hiyo ni kama tangazo lililobandikwa kwenye mti wa mkutano: kila apitaye husoma maneno yale yale. Haukujui wala haukujibu.

Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa hadharani zana ndogo alizojitengenezea kwa ajili ya ukurasa wake binafsi. Zana hizo zilikua zikawa lugha ya PHP. Wazo lake kubwa ni jepesi: ndani ya maandishi ya HTML, mwandishi anaweza kupachika maagizo. Seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa na kuzigawa, huusoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Maandishi ya kawaida huyapitisha kama yalivyo. Ikikuta maagizo, huyatekeleza, huweka jibu mahali pale pale, kisha huendelea. Tazama mfano huu:

<?php if ($umri > 35) { ?>
<p>Samahani, huruhusiwi kuomba.</p>
<?php } else { ?>
<p>Karibu, jaza fomu.</p>
<?php } ?>

Neno "if" ni "ikiwa", na "else" ni "vinginevyo". Umri ukizidi 35, mlango umefungwa; usipozidi, karibu. Hata msomaji ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaweza kuuliza swali la maana hapa: ni nani aliyesema 35? Mashine haikusema. Ingeandikwa 40, ingetii 40.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Seva ikimaliza kazi yake hutuma jibu peke yake. Maagizo hubaki huko huko. Kijana wa Hombolo akifungua ukurasa huo kwa simu yake ataona "Samahani" tu. Hata akikitaka kivinjari kimwonyeshe maandishi ya ndani ya ukurasa, ile 35 hataiona. Chombo kimeundwa hivyo, na kwa sababu nzuri, maana maagizo mengine hubeba siri zinazostahili kulindwa. Lakini kwa kuwa sharti limefichika na uamuzi ndio unaoonekana, ni rahisi mno kuisingizia mashine.

Nitoe kisa. Nilimsindikiza kijana wa jirani yangu katika ofisi moja kukamilisha maombi yake. Alizaliwa Ng'hong'onha, kata ya jiji letu la Dodoma, na ndivyo cheti chake cha kuzaliwa kinavyosema. Binti aliyetuhudumia alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu," akaandika, akarudia kuandika, kisha akasema, "Mwalimu, mfumo unakataa hiki kialama cha juu. Tuandike bila hicho." Ikaandikwa bila hicho. Wiki chache baadaye kijana akaambiwa kwamba nyaraka zake hazilingani: cheti kinasema hivi, fomu inasema vile. Nafasi ikampita.

Kialama hicho ni ritifaa, na sisi tuliofundisha Kiswahili tunajua kwamba si pambo. Ndicho kinachotenganisha sauti ya ng'ombe na sauti ya ngoma. Kwa nini basi fomu ikikatae? Katika maagizo ya kuhifadhi taarifa, alama hiyo hiyo hutumika kuonyesha neno linapoanzia na linapoishia. Mwandishi mvivu huchukua alichokiandika mwombaji na kukichomeka moja kwa moja ndani ya agizo lake. Ikifika Ng'hong'onha, mashine hudhani neno limeishia kwenye "Ng", na yanayofuata huyachukua kuwa ni amri. Agizo huvunjika. Lililo baya zaidi, mwizi anayelijua hilo aweza kuandika amri zake mwenyewe mahali pa jina, na hatari hiyo imeelezwa hadharani tangu mwaka 1998. Dawa ya kweli inajulikana: maneno ya mwombaji yapelekwe kwa njia yake na amri kwa njia yake. PHP ina zana za kufanya hivyo tangu toleo lake la 5, la mwaka 2004. Dawa ya uvivu ni kuipiga marufuku ritifaa. Iwe ni kwa woga huo, au kwa kuamua tu kwamba jina ni herufi A mpaka Z, kuna mtu aliyeamua kwamba Ng'hong'onha si jina. Huyo ndiye aliyekataa.

Hapa Hombolo tuna bwawa lililojengwa mwaka 1957. Maji yasipofika shambani kwenye zabibu, hakuna mkulima anayesema "bwawa limekataa" akarudi kulala. Huuliza ni nani amefunga maji, na kwa idhini ya nani. Anauliza kwa sababu anaelewa maji yanavyokwenda. Mbele ya kompyuta hatuulizi kwa sababu hatukufundishwa.

Najua nitakavyojibiwa. Wataalamu watasema kuchanganya maagizo na HTML katika ukurasa mmoja ni mtindo wa zamani, na kazi kubwa siku hizi hutenganisha vitu hivyo. Ni kweli kwa kazi kubwa. Lakini mwanafunzi huanza na kitu anachoweza kukiona chote kwa mara moja, na ukurasa mmoja wenye maagizo ndani yake unaonekana wote. Tena lugha hii haijafa: WordPress imeandikwa kwayo, na vilevile Moodle, inayotumika kufundishia katika vyuo vingi duniani.

Wengine watasema Kiswahili hakitoshi. Naomba wautazame tena mfano wangu: "umri" ni Kiswahili, na mashine haikunung'unika. Maneno machache ya kigeni yaliyobaki yatazoeleka kama yalivyozoeleka goli na penalti. Wengine watasema sasa zipo mashine zinazoandika maagizo zenyewe, ya nini kuhangaika? Nami nasema ndiyo sababu kubwa zaidi ya kujifunza. Mwalimu husahihisha insha ambazo hakuziandika; asiyejua kusoma atasahihisha nini?

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wakati ule tuliiogopa mashine. Leo tunaipigia magoti. Hofu na magoti vyote huzaliwa na kutokujua, na elimu ya kujitegemea aliyotuandikia Mwalimu Nyerere mwaka 1967 haikuwa elimu ya kupiga magoti. Kumfundisha mwalimu mwanafunzi kubonyeza vitufe na kupamba barua ni kumfundisha kuwa mteja. Afundishwe pia kinachotokea nyuma ya dirisha.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza, asihitimu mwalimu ambaye hajaandika kwa mkono wake ukurasa mmoja unaojibu, hata kama ni wa kutoa matokeo ya darasa lake. Intaneti si kisingizio, kwani seva yaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ile ile anayojifunzia. La pili, somo hilo lielezwe kwa Kiswahili, kama tunavyoeleza kilimo na afya. La tatu, kila fomu ya umma inapomkatalia mtu, iseme ni sharti gani limemzuia na ni ofisi ipi iliyoliweka.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, ukiambiwa mfumo umekataa, usikunje karatasi zako. Simama hapo dirishani, uliza kwa adabu: "Ni nani aliyeuandika hivyo?"