Pedi kuukuu za breki ni logi, zisome kabla ya kuzitupa

Kuna jambo linanikera hapa Gatongora, na hata huko Ruiru mjini, kila ninapoona mtu akibadilishiwa pedi za breki za mbele. Gari linainuliwa kwa jeki, mwenyewe anaenda kunywa chai, na akirudi pedi mpya zimeshaingia na zile za zamani ziko kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Analipa, anaondoka. Mimi nasema ameacha kwenye ndoo ile kitu ambacho angepaswa kukitazama kwanza.

Wasomaji mliozoea makala zangu za programu msinikimbie. Programu ikianguka usiku, asubuhi hatuiwashi upya tukaenda zetu. Tunafungua logi, lile daftari ambamo programu hujiandikia yaliyoipata, tuone kilichoiangusha. Basi pedi iliyolika ni logi ya breki, tofauti ni kwamba imeandikwa kwa milimita.

Nieleze kidogo. Gurudumu la mbele lina diski ya chuma inayozunguka nalo. Kalipa imeikumbatia diski hiyo ikiwa na pedi mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Kwenye magari mengi madogo tunayoendesha, Vitz, Fielder na wenzao, kalipa ina pistoni moja tu, iliyo upande wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta yanaisukuma pistoni, pistoni inabana pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje. Pini zikishika kutu, kuteleza kunakwisha. Ya nje inazembea, ya ndani inafanya kazi ya wawili na kulika upesi.

Sasa angalia mtego wenyewe: ukichungulia katikati ya rimu bila kufungua gurudumu, pedi unayoiona kwa urahisi ni ya nje. Hiyo bado nene, unafurahi. Ya ndani imebaki chuma kitupu kinachokwaruza diski.

Kwa hiyo zikitolewa zipange chini pedi nne, mbili za kulia na mbili za kushoto. Pedi mpya huwa na takriban milimita 10 za nyenzo ya kusugua, na zikibaki 3 wengi wetu hubadilisha. Zote zikiwa zimelika sawa, breki zako nzima, endelea na maisha. Ya ndani ikiwa nyembamba kuliko ya nje, shuku pini au pistoni isiyorudi. Pedi moja ikiwa nene ncha hii na nyembamba ncha ile, kalipa inakaa mshazari. Upande mmoja wa gari ukiwa umelika na mwingine kama mpya, hapo usiondoke kabisa, maana kuna gurudumu linalofunga breki peke yake.

Jirani yangu mmoja alibadilishiwa pedi mara mbili katika miezi michache. Mara ya pili akaambiwa zile za kwanza zilikuwa feki. Feki zipo, sibishi, na Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008. Lakini zilizoisha zilikuwa za kushoto tu! Pedi zilitoka boksi moja. Ubovu wa kiwandani ungechaguaje upande? Pini za kushoto zilikuwa zimekwama. Zilisafishwa, zikapakwa grisi ya silikoni (si ile ya beringi, hiyo huvimbisha raba), shida ikaisha. Ushahidi ulikuwa kwenye ndoo tangu mara ya kwanza.

Na hili si la kubana shilingi tu. Tangu Thika Superhighway ikamilike 2012, tunashuka kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa hadi foleni ya Ruiru kwa umbali mfupi sana. Gari la kilo 1,000 likiwa na kasi hiyo lina nishati ya kilojuli 386 hivi, mara nne ya ile lililo nayo kwenye kilomita 50. Uzito hulalia mbele unapofunga breki, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto hilo inabebwa na pedi hizi nne. Ikiwa upande mmoja haushiki, gari litavutwa upande wa pili, na huko kuna matatu.

Wanaodhani breki ni fumbo la wataalamu tu wakumbuke kwamba mwaka 1888 Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, breki zake za mbao zilichoka njiani, akamwambia fundi viatu azivalishe ngozi. Dereva aliona kilicholika, akajua cha kufanya.

Sikulazimishi ufanye mwenyewe. Ukifanya, weka jiwe nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati gari likiwa bado chini, na usiliache gari kwenye jeki peke yake. Kalipa ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki. Unaporudisha pistoni, tazama mafuta yasifurike kule juu, yanakula rangi. Wenye Prius na Aqua waulize fundi anayezijua kwanza, kwa sababu mfumo wake unaweza kujiamsha na kusukuma pistoni ukifungua tu mlango. Vumbi lisipulizwe, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Badilisha pande zote mbili. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni iliyorudishwa nyuma haifungi chochote kwa mkanyago wa kwanza.

Ukimpa fundi, kaa hapo, chai itakungoja. Mwambie pedi za zamani unazitaka. Mimi huzitia kwenye boksi la zile mpya na kuandika juu kwa kalamu ya wino mzito tarehe, kilomita na unene wa kila moja. Boksi la mwisho linasema kulia 3 na 3, kushoto 4 na 2. Kwa hiyo Jumamosi hii nafungua kushoto tena, nione zile pini zinateleza vipi.